Nilipomwandika Baba Kuwa Marehemu

Mwanangu, maana kila kijana anayekwenda chuo namwita hivyo, ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, na nimejaribu kuitoa. Ilikuwa Jumamosi, msimu wa kuchuma kahawa, nyumbani kwetu Ruanda, kule Mbozi. Nilikuwa nimerudi likizo na bahasha kubwa ya kaki, na ndani yake mlikuwa na fomu iliyohitaji sahihi ya baba.

Ilikuwa fomu ya kuhama chuo. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu cha serikali, na serikali ndiyo iliyokuwa ikinilipia. Tulilala wengi chumba kimoja, maji yalikatika, vitabu tulivigombania, lakini nilikuwa nasoma na nilikuwa nafaulu. Kilichonisumbua ni Shabani. Tulikaa naye dawati moja sekondari. Baba yake alikuwa na malori yanayovuka mpaka pale Tunduma, akampeleka kwenye chuo cha binafsi, maana miaka ile vyuo vya namna hiyo ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza. Siku moja Shabani alinitembelea. Akakiangalia chumba chetu, akaziangalia ndoo zilizopangwa mlangoni, akacheka kidogo, bila ubaya wowote.

"Kaka, hapa mnaishije?"

Kicheko kile ndicho kilichonihamisha, mwanangu. Sikuhama kwa ajili ya elimu. Nakwambia ukweli kwa sababu umri wa kujipamba umeshanipita.

Ada ya chuo cha kina Shabani tusingeiweza hata kwa ndoto. Ila walikuwa na utaratibu wa kuwapunguzia yatima. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la sita, na hilo lilikuwa kweli. Basi mimi nikamwongeza baba. Kwenye nafasi ya baba niliandika jina lake la ubatizo, Yohana, na mbele yake neno la Kiingereza la marehemu. Kwenye nafasi ya mlezi niliandika jina alilojulikana nalo nyumbani, Nzunda, nikasema huyo ni baba mdogo.

Baba alikuja kutoka shambani, akanawa mikono, akaikausha kwenye suruali mara mbili ili asiichafue karatasi. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tena Kiswahili tu.

"Hapa wameandika nini?" akauliza.

"Jina lako, baba. Unaweka sahihi hapo chini."

Akaandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Alipomaliza akaiangalia kazi yake, akatabasamu.

Dada yangu Estela alikuwa kidato cha nne, anajiandaa kwa mtihani wa mwisho. Aliichukua ile fomu aitie kwenye bahasha, nikamwona amesimama nayo. Hakusema kitu mbele ya baba. Alinifuata nje, nyuma ya jiko.

"Kaka, hili neno nalijua. Nimelijaza kwenye fomu zangu zote, mbele ya jina la mama."

"Ni karatasi tu, Estela. Wanapunguza ada."

"Na baba akijua?"

"Atajuaje? Nani atamwambia?"

Akanipa bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni kitu. Hakunisema zaidi. Mara nyingi nimetamani angepiga kelele.

Nilikubaliwa. Nafasi yangu serikalini nikaiandikia barua ya kuiacha. Hata baada ya kupunguziwa, ada ilibaki kubwa, na mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Baba akauza nusu ya shamba, ile ya upande wa mtoni, mibuni ambayo aliipanda na mama. Majibu ya Estela yalipotoka alikuwa amefaulu kwenda kidato cha tano. Baba akamwomba asubiri mwaka mmoja. Hakwenda tena, mwanangu.

Muhula wa pili nilikuwa kwenye foleni ofisi ya usajili nikasikia sauti ninayoijua. Baba alikuwa dirishani, amevaa koti lake la kanisani, kiroba cha maharage kipo miguuni. Alikuwa amesafiri siku nzima kwa basi kutoka Mlowo bila kunitaarifu.

"Namtafuta mwanangu," akasema, akataja jina langu. "Mimi ni baba yake."

Yule mama wa ofisini akafungua faili. "Mzee, hapa baba yake amefariki. Wewe ni nani?"

Kati yangu na baba palikuwa na hatua nne na nguzo moja. Ningeweza kutoka. Nilibaki nyuma ya nguzo.

Baba akavua kofia.

"Samahani, mama," akasema. "Kwetu sisi baba mdogo naye ni baba. Mimi ni mdogo wake marehemu."

Akageuka, akaniona.

Tulikaa nje kwenye ukingo wa bustani. Wanafunzi walipita na nguo zao nzuri, na mimi, Mungu anisamehe, bado niliangalia kama Shabani yumo. Baba aliweka mikono juu ya magoti.

"Uliwaambia nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hawakuuliza, baba."

"Ahaa."

Akanikabidhi yale maharage, akanikabidhi na ada iliyosalia ikiwa imefungwa kwenye leso. Akaniambia nisome. Hakukubali nimsindikize stendi.

Masika yaliyofuata Estela alipiga simu kutoka kwenye kibanda cha simu. Tumbo lilikuwa limemvimba baba kwa wiki tatu, akasema nisisumbuliwe, na alfajiri ile alikuwa amekata roho. Nilikuwa katikati ya mitihani. Nilikimbia kwa yule mama wa usajili kuomba ruhusa, nikamwambia Nzunda amefariki, naye akafungua faili lilelile.

"Kuahirisha mtihani ni kwa msiba wa mzazi tu. Huyu ni baba yako mdogo. Pole sana, jamani."

Nilikuwa na neno moja la kusema. Ningelisema wangenifukuza kwa kughushi, na shamba lilikuwa limeshauzwa. Nikashukuru, nikatoka. Saa ambayo watu wa Ruanda walikuwa wanamteremsha baba kaburini, mimi nilikuwa nimeinama juu ya karatasi ya maswali. Mtihani ule nilifaulu.

Nilifika siku ya tatu. Estela alinimiminia maji ya kunawa.

"Watu waliuliza mtoto wake wa kiume yuko wapi," akasema. "Nikawaambia amechelewa basi."

Leo Estela ameolewa Ndalambo, analima, na tukikutana ananipikia vizuri. Mimi nilihitimu, nikapata kazi ya kutoa mizigo forodhani, Tunduma. Katika miaka yote hiyo hakuna mwajiri wala tajiri aliyewahi kuniuliza nilisoma chuo gani.

Sasa nisikilize. Kutaka chuo kizuri si dhambi. Ukitaka kuhama, hama, lakini kwanza kaa peke yako ujiulize unakimbia nini. Kama unakimbia kicheko cha mtu, baki ulipo, kitakwisha chenyewe. Waambie wa nyumbani bei yake yote, na umuulize yule atakayebaki ili wewe uende. Na fomu yoyote utakayojaza, mwandike mzazi wako kama alivyo, jina lake kamili na kazi yake ya jembe. Mlango ambao haufunguki mpaka umkane aliyekulea, uache umefungwa, na usione haya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mungu akupe elimu isiyokunyima usingizi. Akutunzie wazazi wako wakuone umekuwa mtu, na siku watakapoondoka, uwepo, ushike mchanga kwa mkono wako mwenyewe, na kila aliyepo ajue wewe ni mtoto wa nani.