Maua Niliyoyaita ya Bikira

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tano, mwezi wa Maria, mwanangu, nilipokuwa bibi mupya, nimeolewa juzi tu hapa Bagira. Mimi na rafiki yangu Nsimire tulitafuta maua ya groto, lile pango la Bikira kanisani. Njiani tukakuta kichaka chenye maua mekundu na ya njano pamoja kwenye kishada kimoja. Tukayaweka miguuni pa Mama Maria, na mimi nikachukua vijiti, nikavipanda vikawa lupango letu, uzio wa kuzunguka nyumba.

Mama mukwe wangu, Mama Cibalonza, akafikicha jani, akanusa.

"Hii muti inanuka mubaya. Itoe."

"Mama, hii ni maua ya Bikira! Nani anakata maua ya Bikira?"

Akatupa jani, akarudi jikoni. Kwa mambo ya Bikira hakubishana na mutu, na mimi nilijua.

Baada ya misimu miwili ya mvua lupango likanipita kimo. Tunda likiiva linakuwa jeusi. Ndege wanakula, wanaenda kunya mbegu mbali. Kichaka kikaota mpaka ndani ya muhogo wa jirani yetu, Mama Faida. Chini yake hata haragi, maharagwe yetu, ilikataa kumea.

Kikaja kiangazi, majani ya malisho yakaisha. Ngombe yetu ilikuwa moja tu, na maziwa yake ndiyo yalimulisha Bahati, mutoto wangu wa kwanza, maana ziwa langu la kunyonyesha lilikuwa limekauka. Ikakata kamba, ikala lupango. Siku ya pili macho yakawa ya njano, ngozi ya pua ikabanduka juani, maziwa yakakatika kabisa.

Mama Cibalonza akaivuta ndani ya jikoni, kwenye kivuli, akainywesha maji ya makala, yale makaa ya kupikia, yaliyosagwa. Nililia.

"Mama, nimeiua."

"Bado inapumua, usiizike. Na Mama Maria hakukuomba sumu. Yeye anajua katekisimu. Ngombe haijui, inakula tu."

Bwana yangu Deo akaingia, akauliza imekula nini.

"Imekula ujinga ya watu wawili," mama yake akajibu. "Mimi niliyenyamaza, na huyu aliyenijibu. Ulete jembe."

Tulichimba mizizi ya lupango wiki tatu, mwanangu, maana ukikata shina tu, linachipuka tena. Ngombe ilipona polepole. Na siku zile zote, kila asubuhi, kikombe cha maziwa ya Bahati kilitoka kwa Mama Faida, yule niliyemuharibia muhogo.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi ukiona kile kichaka kule Panzi au kule Idjwi, usikipande kwa sababu kinapendeza. Kingoe na mizizi yake kabla tunda halijawa jeusi, maana ndege hajui mupaka wa shamba. Na usichukue jina la Mungu kufunga mukubwa wako kinywa.

Mungu akupe maziwa nyumbani, mwanangu, na jirani kama Mama Faida. Nawe uwe Mama Faida wa mwingine.