Kaburi la Babu Yake Mwanvua

Hebu mfikirie Mwanvua akiingia uwanja wa shule, hapa Ujiji, mwaka ule maboti yalipokuwa yakishusha wakimbizi wa Kongo kila kukicha. Mikono inanuka dagaa, kanga kiunoni, uso ameukunja. Nyuma yake Agnesi, mwenzake wa kuanika, aliyeletwa kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili. Dagaa wao wamebaki mchangani, mawingu yanakuja, na wao wameitwa waeleze kama ni watu wa hapa.

Mwanvua alichoka kabla hajaulizwa. Kazaliwa Ujiji. Mkesha wa Uhuru aliimba mpaka sauti ikakauka, maana waliambiwa nchi ni ya wote waliomo. Sasa wamezuka vijana wanaojiita wenye nchi, na Nassib, mwenyekiti wa mtaa, mtoto aliyemlea kwa uji wake mwenyewe, kawa msemaji wao. Wamebuni na kipimo: kila anayetiliwa shaka aonyeshe kaburi la babu yake. Asiyekuwa nalo, lori la kambi ya wakimbizi lile pale, linamngoja.

"Shangazi," Nassib akaanza, macho chini, "babu yako kazikwa wapi?"

"Ng'ambo, Kongo. Aliyevuka ni bibi yangu, na baba yangu mgongoni. Na baba yako alikuwa mtumbwi huohuo, Nassib, mgongoni mwa bibi yako. Au ulidhani nyie mlivuliwa ziwani kama migebuka?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa chenyewe. Kila mmoja alikuwa anamtafuta babu yake. Dismasi, mmoja wa wale vijana, mtu wa kijiji cha Kidahwe ambako makaburi ya babu zake yanajulikana, akamgeukia mwenyekiti, akamuuliza taratibu kama na yeye atapanda lori.

Nassib akajifuta jasho. Akanong'ona na wenzake, akarudi na kipimo kipya: babu waachwe, sasa iwe kaburi la baba. La baba yake Mwanvua lilikuwa palepale nyuma ya msikiti, jirani na la baba yake Nassib.

"Nenda zako kaanue dagaa, Shangazi. Umepita."

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Nassib akamwita Agnesi, ambaye baba yake aliuawa Burundi na hakuna ajuaye alipolala.

Mwanvua alisimama hapohapo, kanga ikilowa. Huko mchangani chakula cha mwezi mzima kilikuwa kinaharibikia mvuani. Huku lori limewashwa. Wewe ungekwenda kuanua?