Mabati ya Injini na Mama Mkwe wa Mzenga

Chekeni tu jamani, maana nikiwakataza mtaenda kuchekea pembeni. Ndiyo, ni mimi niliyekimbiza kijiji kizima cha Mzenga, na aibu yote ile ilianzia kwenye vipande vya bati.

Enzi hizo za Ujamaa nilikuwa karani wa ghala la korosho hapa Kibaha, nina kigari changu cha mgongo wa kobe, injini iko nyuma, ile isiyotiwa maji bali inapozwa na upepo wa feni. Vijana wenye magari tukapanga mashindano yetu ya kirafiki, tutoke Kibaha kwa njia ya vumbi hadi Mzenga. Sasa Mzenga mimi nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa nimemposa Mwanahawa, mjomba ameshapeleka maneno, majibu bado, na nikasikia baba yake anauliza kama huyo kijana ana akili timamu au anachezea magari tu. Nikajiambia nikiingia pale wa kwanza, mzee atanyamaza mwenyewe (ujana huo!).

Basi mimi na rafiki yangu Mbaraka tukaifumua injini uani kwetu, tukaweka ringi mpya, tukasugua vali, tukaifunga, ikanguruma mpaka majirani wakaja kuitazama. Yakabaki yale mabati yanayozunguka silinda.

"Na haya je?" Mbaraka akauliza.

"Ya nini? Injini ya upepo unaifunika bati? Iache ipumue, na gari litakuwa jepesi."

Mbaraka akaniona nina akili sana. Mama akayachukua mabati akaezekea banda la kuku. (Kumbe ndiyo yanayoushika upepo wa feni na kuupeleka kwenye silinda! Bila hayo upepo unapotea hewani na injini inajichoma yenyewe.)

Siku ya siku nikaongoza njia nzima, nawatimulia wenzangu vumbi, mpaka tulipoingia Mzenga nikasikia harufu ya kuungua, gari likakohoa, likazima katikati ya kijiji, mbele ya watu walioacha palizi ya shamba la ushirika waje kumwona mkwe wao mtarajiwa. Moshi umetanda. Nikafungua nyuma, nikainamia injini, mikono imejaa oili, mara nikasikia, "Nipisheni, nimeleta maji!" Kugeuka, ni mama yake Mwanahawa na ndoo kichwani.

Kwetu mposaji haonani uso kwa uso na mama mkwe, ukimwona njiani unaiacha njia. Sikufikiri, nikachomoka mbio nikaingia kwenye mihogo. Lakini watu hawakujua namkimbia nani, walichoona ni dereva anakimbia gari linalofuka moshi!

"Linalipuka!"

Wakatawanyika wote, mshika bendera aliyekuwa akitungoja mwisho wa mashindano, wazee, baba mkwe kaacha kiatu kimoja barabarani, ndoo ya maji chini. Mimi nimechutama kwenye mihogo, nahema, mtu akaja akachutama ubavuni mwangu naye anahema. Mama mkwe mwenyewe.

Nikainamisha uso. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Linalipuka saa ngapi?"

"Halilipuki, mama."

"Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

"Nakukimbia wewe, mama."

Akajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikajua posa imekwisha, na niseme ukweli, roho iliniuma sana.

Gari likarudishwa Kibaha likivutwa na trekta. Baadaye mjomba akaja na majibu: baba mtu alikataa katakata, kiatu chake hakijaonekana, lakini mama akasimama mbele ya ukoo akasema, "Kijana kaacha gari lake liungue kwa kunistahi mimi, mnataka adabu gani tena?"

Mwanahawa nikampata. Tangu siku hiyo sijashindana na mtu, hata kwa baiskeli, na nikifungua injini kila kilichotoka kinarudi mahali pake, hata kama sijui kazi yake, maana mama mkwe wa kunitetea ninaye mmoja tu.