Ringi Iliyotolewa kwa Boksi

Mwaitu wa picha wa Tulia, huku Kitui, amekufa. Habari ilinipata nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, na nikatoka hivyo hivyo. Daktari ameandika presha na sitabishana na karatasi yake. Lakini nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua mdomo wangu hauna breki, kwa hivyo wacha niseme: kuna jamaa pale Malili, ana duka la kamera kando ya barabara kubwa, ambaye alimmalizia huyu mama kazi kabla presha ifike. Jina lake sitaliandika. Mhariri amenikataza, na pia sitaki apate matangazo ya bure.

Mwaitu, kwa wale hamjui Kikamba, ni mama, na wapiga picha wote wa Kitui tulimwita hivyo, hata wale wa rika lake. Alipiga picha za harusi na za kanisa miaka mingi kwa kamera moja na lenzi tatu, kila lenzi imefungwa kwa kipande cha leso ndani ya kiondo. Flashi hakupenda. Alisema mtu akiomba haangaziwi tochi kama mwizi. Alikuwa na lenzi moja fupi inayofunguka sana, ikipata mwanga kidogo tu wa dirisha la kanisa picha inatoka safi. Na harusi ikiisha, aliwaita wamama wazee mmoja mmoja, akawasimamisha mlangoni peke yao. Kila mtu alijua hiyo picha ni ya nini. Huku kwetu mtu akifa, familia inaanza kukimbia kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, wanapata moja ya kikundi, wanaikata, na marehemu anazikwa na mkono wa jirani begani. Mwaitu hakutaka mtu apate hiyo aibu. Siku moja nilimsikia bibi mmoja, susu kwa Kikamba, akimwambia, "Nipige ile ya mwisho, lakini usiharakishe mambo." Mwaitu akamjibu, "Simama vizuri, susu. Hii picha ina subira kukushinda."

Halafu zikaingia hizi kamera mpya zisizo na kioo ndani, nyepesi, zinafuata jicho la mtu zenyewe. Vijana wakaanza kumcheka. "Mwaitu, hiyo ni kamera ama ni tofali?" Na wacha nisijifiche: mimi pia nilicheka, na ni mimi nilimwambia abadilishe. Akaenda Malili peke yake. Yule jamaa akamwambia lenzi zake zimekufa, haziwezi kuingia kwa kamera mpya, lakini kwa sababu yeye ni mama wa kanisa atamsaidia: amwachie zote tatu na kamera ya zamani, achukue mpya na kalenzi kake kadogo. Akampiga picha ameshika boksi anacheka, akaiweka mtandaoni.

Kanisani hako kalenzi hakakuona kitu. Picha zilitoka na punjepunje kama mtu amemwaga unga wa wimbi juu ya bibi harusi. Watu wa harusi mbili walilalamika. Kamati ya harusi ya tatu haikumwita. Nilipoenda kumwona aliniambia, "Labda ni macho yangu, mwanangu. Labda nimezeeka." Boksi la kamera alikuwa ameligeuza la kuwekea mbegu za ndengu. Sasa mimi picha sikusomea, nilijifundisha kwa kusoma maboksi na vile vijitabu watu hutupa, kwa hivyo nikaligeuza nikasoma upande. Kamera moja. Betri moja. Chaja. Mkanda. Adapta moja, yaani ile ringi ya chuma inayokaa kati ya kamera mpya na lenzi za zamani za kampuni hiyo hiyo. Lenzi za mwaitu hazikuwa zimekufa. Dawa yake ilikuwa ndani ya boksi, na mtu akaitoa ili abebe hizo lenzi.

Nilifika Malili siku hiyo hiyo. "Boss, ringi ya mwaitu iko wapi?"

"Ringi gani? Hiyo kamera haikujangi na ringi."

"Boksi linasema inakuja."

"Boksi liliandikwa huko ng'ambo. Hapa dukani msemaji ni mimi."

Nikamwambia basi arudishe lenzi. Akasema zilishaenda na wateja, kama sina cha kununua nimpishe. Niliporudi Tulia nikamweleza mwaitu kila kitu. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Kumbe si macho yangu." Kisha akasema tena, "Kumbe si macho."

Siku ya mazishi, tukiwa kwa laini ya chakula, mtu akanionyesha simu. Jamaa wa Malili alikuwa ameirudisha mtandaoni ile picha ya boksi: ati wamepoteza mteja wao mpendwa, karibuni dukani. Niliweka sahani chini. Wapiga picha walikuwa wamejaa hapo, wengine wametoka mpaka Tseikuru, nikawasimulia wote kwa sauti. Yule wa Tseikuru akaacha kutafuna. "Yangu pia nilitoa pale. Mimi pia aliniambia lenzi zimekufa." Wengine wawili wakasema hivyo hivyo.

Jumatatu tulikuwa Malili, watu wanne na maboksi manne, la mwaitu nikiwa nimelibeba mimi. Tukakaa kwa benchi nje ya duka, maboksi magotini, upande wa maandishi ukiangalia barabara. Kila mteja aliyekuja tulimsomea. Kufika saa sita jamaa akatuita ndani, akafungua droo, akatoa ringi tatu, akatupa mezani.

"Na ya mwaitu," nikasema.

"Si alikufa?"

"Alikufa. Lete."

Akaleta. Sitawadanganya kwamba nilisikia nafuu. Ringi bila lenzi ni chuma tu, na huyo mama alikaa miezi akiamini ameisha. Tunapenda sana kuambiana twende na wakati, kila mtu abadilishe kamera, abadilishe simu, na anayebaki nyuma tunamchekelea. Lakini hakuna anayejitolea kwenda na mzee dukani. Mimi sikwenda. Hilo kosa langu nitalibeba mwenyewe, na la jamaa wa Malili nitahakikisha analibeba yeye.

Kwa hivyo ukienda kubadilisha kamera, iwe Malili ama popote, usiachilie lenzi zako kwa maneno ya anayezitaka. Beba zote, uzijaribu hapo hapo. Fungua boksi juu ya meza yake, toa kila kitu, na usome upande wa boksi kwa sauti mpaka wateja wengine wageuke. Na akikuuliza nani alikufundisha hizo tabia, mwambie ni mwaitu wa picha wa Tulia. Nataka yule wa Malili asikie hilo jina kila siku anayofungua duka.