Kelele Zinazochunga Ndege

Nilipokuwa mtoto niliamini, na ningeapa mbele ya kadhi, kwamba ndege huchungwa na kelele zake. Usinicheke kwanza, rafiki yangu. Kule kisimani kwetu, kaskazini mwa Garissa, ndege za abiria zilipita juu sana, nyembamba kama sindano. Uliiona ndege imeshafika pale, na ngurumo zake bado ziko kule nyuma, zinaifuata. Sasa sisi watoto wa wafugaji tulijua vizuri ni nani hutembea nyuma ya mifugo: ni mchungaji. Jirani yetu, dereva wa lori la Elwak, ndiye aliyetoa fatwa yenyewe. Ngurumo zikikatika, alisema, ndege hubaki bila mchungaji, ikazurura huko juu mpaka ikapotea kama ngamia. Niliyameza maneno hayo bila kutafuna.

Na kwa nini nisiyameze? Maisha yetu yote yalishikiliwa na kelele. Kisima kilikuwa kirefu mno, na maji yalivutwa na injini ya dizeli iliyoanza kukohoa alfajiri, ikasikika mwendo wa nusu siku. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Ikinguruma, bibi yetu, ayeeyo, alimwaga rojo la anjera, chapati zetu za maji, kwenye kikaango bila haraka, na harufu yake ilichanganyika na moshi wa dizeli hadi leo nikipita kituo cha mafuta nasikia njaa. Sisi tulifunga madebe juu ya punda tukiimba. Ikinyamaza, hata ngamia waliinua shingo. Ayeeyo aliweka kiganja nyuma ya sikio akasema, "Kinachonguruma hakijafa." Kilichonyamaza je? Hilo ulijijibu mwenyewe. Kiangazi kimoja injini ilinyamaza, spea ikachelewa kutoka mjini, na mbuzi wetu wakaisha mbele ya macho yetu. Ndivyo tulivyohamia Waberi, mtaa wa Garissa mjini. Dada yangu mdogo alizaliwa huko, karibu na bomba la maji, na hakuwahi kuisikia injini ile.

Mwaka huu mimi na dada huyo tulimpeleka mama umra. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, hakuwahi kupanda ndege maishani, na kwa jinsi magoti yake yalivyo, sote tulijua hakutakuwa na safari ya pili.

Kutoka Nairobi tulipanda ndege ya zamani, na niruhusu niisifu, maana hakuna mwingine atakayeisifu. Viti vilikuwa vimelegea kama kochi la mjomba. Kwenye mkono wa kiti bado kulikuwa na kijisanduku cha majivu, ukumbusho wa zama za wavutaji. Dirisha lilikuwa dogo, lenye kifuniko cha plastiki unachokipandisha na kukishusha kwa mkono wako mwenyewe. Makabati ya juu hayakutosha, kwa hiyo watu walisukumiana mizigo, wakakanyagana, wakaombana msamaha, na kabla chai haijafika nilishajua ukoo wa kila mtu katika safu tatu. Hewa ilikauka mpaka midomo ikapasuka. Masikio yaliniuma kana kwamba mtu ananitoboa kwa msumari. Kila neno ulilisema kwa kupiga kelele. Hooyo alikuwa amestarehe kama bi harusi. "Mashine iko hai," alisema.

Njiani tukabadilisha, tukaingizwa kwenye ndege mpya kabisa. Taa za samawati, kama ukumbi wa harusi. Dirisha kubwa lisilo na kifuniko; unabonyeza kitufe, kioo chenyewe kinaingia giza. Makabati yanameza mabegi yote, hivyo hakuna anayemhitaji mwenzake. Kila abiria na skrini yake, masikio ameyaziba. Kiti ni chembamba kuliko kile cha zamani, na hilo nitalisema mbele ya fundi aliyekitengeneza. Halafu ule ukimya. Mlango ukafungwa, ndege ikaanza kusogea, na mimi nasikia tasbihi ya mama ikigongana.

Hooyo akafungua mkanda, akasimama. "Imezima," alisema. "Hii imekufa, wanangu. Nishusheni."

Mhudumu akaja mbio, akatuambia kwa Kiarabu kwamba mama asipoketi, ndege itarudi mlangoni na sisi tutashushwa. Umra ya mama, ombi lake la maisha, ilikuwa imening'inia hapo. Na mimi, badala ya kumkalisha, nikafungua mkanda wangu pia.

"Hooyo ana haki," nikamwambia dada. "Hii haina sauti ya kuvuta hata maji ya udhu."

"Walaal, ndugu yangu, kaa chini. Unamtia hofu."

"Wewe umezaliwa bombani, unajua nini kuhusu injini?"

"Na wewe na cheti chako cha ufundi cha shule ya usiku, hamkufundishwa?"

"Injini tulifundishwa. Ukimya hatukufundishwa."

Akaniacha na ubishi wangu. Akauchukua mkono wa mama, akaubandika ukutani chini ya dirisha. Hooyo akatulia, akapapasa pale kama anavyopapasa tumbo la mbuzi mwenye mimba. "Inatetemeka," alisema polepole. "Iko ndani." Akaketi. Akafungwa mkanda. Tukapaa.

Masikio hayakuniuma hata chembe, jambo nililolificha mpaka leo. Siku hizi hata kisimani kwetu injini imeng'olewa, kuna paneli za sola, na maji yanapanda bila neno. Wallahi nayashukuru maji. Lakini ni nani sasa anayemwambia mchungaji aliye mbali kwamba leo kuna maji? Zamani alisikiliza tu, akageuza ngamia. Leo lazima afike kwanza. Ndivyo ilivyo na ndege hizi: unafika mjini kwa watu hujasalimiana na aliyekugusa bega njia nzima. Wayaite maendeleo. Mimi sitii sahihi.

Tulipokuwa juu ya mawingu, nikamwinamia dada. "Haya, msomi. Kama hakuna kelele za kuichunga, hii inabebwa na nini?"

Hakuondoa macho kwenye skrini yake. "Na mabawa, walaal. Injini inasukuma tu. Kelele ni nguvu inayopotea."