Siku Kondoo Wangu Alipopima Kilo Sita

Mimi nikiona kondoo siku hizi natazama kando, na mkinicheka hapa mjue nimeshachekwa na ukoo mzima kule Gatongora, tena ukweni, mchana peupe, nikiwa nimevaa suti.

Tulikuwa tumepeleka ngoima, yule kondoo dume aliyenona ambaye kwetu Wakikuyu huwezi kuitwa mkwe kabla hujamfikisha, na mimi nilikuwa nimesikia kwamba baba yake Wambui, mchumba wangu, anasema vijana wa kompyuta hawajui mnyama, kwa hivyo nikaamua kumwonyesha. Nilibeba mzani wa mifugo kutoka karakana yetu ya Thika (natengeneza mizani, hiyo ndiyo kazi yangu, msicheke bado), nikauunga kwa waya na kompyuta yangu kuukuu, nikaweka skrini kubwa uani ili hata nyanya wa mwisho kule nyuma asome kilo. Asubuhi tulikuwa tumempima nyumbani: sitini na mbili nukta nne.

Sasa sikilizeni ujinga. Binamu yangu akaleta nyimbo za kuchezwa baada ya chakula, nami nikasema wacha ziingie kwenye diski huku tunapima, kwani kuna ubaya gani. Kumbe mzani hutuma tarakimu mojamoja, kila moja ikifika inabisha hodi, na kompyuta ya zamani ikiwa inahangaika na diski haifungui mlango, basi tarakimu inayofuata inakuja inaisukuma ya kwanza nje, imepotea hivyo. (Haya nawafundisha wengine kazini.)

Kondoo akapanda. Skrini ikaandika 6.4, ile mbili imekwenda na nyimbo.

Baba mkwe akauliza polepole, "Kijana, hii kitu umetuletea ni kondoo ama ni kuku?"

Nikajichekesha, nikabonyeza tena, mara hii ikapotea nukta: 624. "Sasa amekuwa ng'ombe," akasema mjomba mmoja, na akina mama wakashikana mabega kwa kicheko. Jasho lilinitoka, maana Wambui alikuwa dirishani amefunika uso kwa leso, na niliona wazi ndoa yangu inaondoka nikiitazama.

Aliyeniokoa ni shangazi yake, Tata Njoki, aliyeinuka, akampapasa kondoo mgongoni, akauminya mkia, akasema, "Huyu ameshiba. Mpokeeni. Hiyo televisheni ndiyo mgonjwa."

Wakampokea. Baba mkwe akanishika mkono, akaninong'oneza (na watu wote wakasikia), "Siku ya harusi kuja peke yako. Msichana wetu hapimwi."

Nimeapa, jamani: mzani ukiwa kazini diski ipumzike, na ukweni sibebi tena kitu chenye waya. Wambui nilimpata, lakini kwao mpaka leo, nikipiga hodi, watoto hupaza sauti ndani kwamba Kilo Sita amefika.