Dana Alisema Anaumwa, Shangazi Akamwambia Daktari Yuko Sawa

Admin, post hii lakini jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na moja. Ni Mkuria, nimeolewa kwa Wajaluo hapa karibu na Rodi Kopany. Mume wangu huvua samaki kisiwani Remba na huja nyumbani mara chache. Mimi ndiye naishi na nyanya yake, tunamwita Dana. Amepita miaka tisini lakini akili yake ni timamu kuliko ya wengi mtakaonitukana hapa chini.

Juzi nilienda kwetu kwa matanga, nikamwacha Dana na binti yake, yaani shangazi ya mume wangu. Kurudi, namkuta Dana kitandani, hataki kuguswa. Shangazi akasema ni baridi. Nikasisitiza aende hospitali, akakubali mradi yeye ndiye ataongea.

Daktari hakujua Kijaluo. Alipouliza anaumwa wapi, Dana akaeleza kwa Kijaluo kwamba alianguka bafuni, nyonga inamuuma, hawezi kusimama. Shangazi akamgeukia daktari bila hata kupepesa macho.

"Anasema yuko sawa. Ni uzee tu."

Kijaluo changu nilifundishwa na huyo huyo Dana. Nikasema, "Daktari, hajasema hivyo. Amesema alianguka."

Shangazi akacheka. Akamwambia mimi nimeolewa tu, lugha yao siijui vizuri, na kwamba mama yake siku hizi anachanganyikiwa. Daktari akamwamini yeye kwa sababu ni mtoto wa kuzaa. Tukapewa dawa za maumivu, tukarudi. Dana alilia njia nzima. "Nimezaa mtu wa kunifunga mdomo," aliniambia.

Kesho yake nilikodi gari nikampeleka Homa Bay bila ruhusa ya mtu. Huko muuguzi alimuuliza mwenyewe, kwa lugha yake, akamwacha amalize. Picha ikaonyesha nyonga imevunjika. Sasa amelazwa anangoja upasuaji. Ndipo aliponieleza kwamba siku aliyoanguka, Shangazi alikuwa amemfungia ndani akaenda sokoni tangu asubuhi. Alikaa sakafuni hadi jioni. Sasa mnajua kwa nini daktari hakutakiwa kusikia.

Shangazi ameita wazee wa ukoo, anasema nimemwaibisha na nimemwiba mama yake. Mume wangu naye amepiga simu akaniambia niombe msamaha, na Dana akitoka hospitali aende kwa Shangazi. "Ni mama yake, si yako," alisema, akakata.

Nilimuuliza Dana mwenyewe anataka nini, maana hakuna mwingine aliyefikiria kumuuliza. Akanishika mkono.

"Nikienda kwake nitakufa, na yeye atawaambia nimelala."

Msinihubirie kuhusu heshima ya wakwe, nimeishi nayo miaka yote. Nikikataa kuomba msamaha, ndoa yangu imekwisha. Nikiomba, Dana anaenda kwa yule mama. Wewe unayesoma hii, ungekuwa mimi ungefanyaje?